Wimbo si hesabu: kumwandaa mtoto wa chekechea kusoma na kuhesabu nyumbani

Mtoto wangu wa pili alipokuwa na miaka mitatu na nusu aliweza kuimba moja hadi ishirini bila kuvuta pumzi. Wageni walimpigia makofi, nami nikajivuna. Siku moja nikamwomba aniletee vijiko vitatu. Akaja na konzi ya vijiko, saba au vinane hivi, akanikabidhi vyote kwa furaha. Nikamwambia avihesabu. Kidole kilikimbia huku, ulimi ukakimbia kule, akafika kumi na mbili. Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nimemfundisha wimbo.

Wimbo una faida yake, na mtoto huuhitaji. Lakini kuimba "a, be, che" si kusoma, na kuimba namba si kuhesabu. Hatua zilizo hapa chini ni za mtoto wa miaka mitatu hadi mitano au sita, na katika karibu kila moja nimeweka njia ya kutambua kama mtoto anajua au anaimba tu. Huhitaji vifaa vya kununua. Unahitaji vifungo vya nguo au vijiwe, karatasi, kitu cha kuandikia, kitabu cha picha kama kipo, na dakika kumi ambazo simu yako iko mbali.

Hatua ya 1: Jua alipo

Chagua saa ambayo mtoto ameshiba na hana usingizi. Usimwambie kwamba unampima. Mwekee vifungo kumi, umwombe akupe vinne. Mpe kitabu kikiwa kichwa chini, uone kama atakigeuza. Taja maneno matatu, "bata, basi, meza," umwulize ni lipi halianzi kama mengine. Andika jina lake kwenye karatasi pamoja na majina mengine mawili, umwulize lake ni lipi.

Andika majibu na tarehe kwenye daftari, usimsahihishe. Huu si mtihani wa kumfananisha na mtoto wa jirani. Watoto wawili wenye umri mmoja hutofautiana sana katika mambo haya na wote wakawa wazima kabisa. Unachotafuta ni mahali pa kuanzia, kwa sababu kumfundisha mtoto asichokuwa tayari kukipokea humchosha, na kumrudisha kwenye anachokijua humchosha vilevile.

Hatua ya 2: Masikio kabla ya macho

Kabla mtoto hajaiona herufi, inafaa asikie kwamba neno limeundwa kwa vipande. Kiswahili kimetuhurumia hapa, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia kwa irabu na husikika waziwazi. Anza na jina la mtoto mwenyewe: litamkeni mkipiga kofi moja kwa kila silabi. Kisha majina ya watu wa nyumbani, kisha vitu vilivyo mbele yenu: me-za, di-ri-sha, ki-ta-bu.

Kuwa makini na maneno kama "mtu", "mti" na "nchi". Yana makofi mawili: m-tu, m-ti, n-chi. Ukiharakisha utayapigia moja. Sikiliza mkazo: katika Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na katika "mtu" unaangukia hiyo "m". Lakini "mbuzi" ni mbu-zi, si m-bu-zi. Mtoto akikubishia hapa, furahi, maana anasikiliza.

Makofi yakizoeleka, nendeni kwenye mnyororo wa silabi: silabi ya mwisho ya neno lako inaanza neno lake. Meza, zawadi, dirisha, shati. Mchezo huu hauna kifaa, unafaa njiani na kwenye foleni, na ndio ninaoupenda kuliko yote kwa sababu mtoto hawezi kuushinda kwa kukariri. Baadaye mwombe aseme "kalamu" bila "ka", au ageuze "kata" iwe "taka". Watoto wakubwa hufanya hivyo kwa maneno mazima na kuita kinyume, wakidhani wanawaficha siri watu wazima, kumbe wanajinoa masikio. Mtoto wa miaka mitano anaweza pia kutega na kutegua vitendawili vyepesi. Mfundishe kutega cha kwake, hata kama jibu lake halina mantiki.

Hatua ya 3: Kitabu kiwe mazungumzo

Mzazi wa kawaida husoma, mtoto akanyamaza, na tukimwona ametulia tunaridhika. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti ambao wazazi walifundishwa kubadili mtindo huo: waulize maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana, na wayarefushe majibu ya mtoto. Baada ya mwezi mmoja watoto wao walijieleza vizuri zaidi kuliko watoto waliosomewa kwa namna ya kawaida.

Kwa vitendo ni hivi. Mtoto anaonyesha picha na kusema, "Mbwa." Wewe unasema, "Naam, mbwa mkubwa anakimbia. Unadhani anakimbilia wapi?" Anajibu, "Kwa mama." Unasema, "Anakimbia kwa mama yake kwa sababu mvua inakuja. Sema nawe." Umechukua neno lake moja ukampa sentensi, na sentensi hiyo ni yake kwa kuwa ilianzia kinywani mwake. Usiulize kila ukurasa. Maswali mawili matatu kwa kitabu kizima yanatosha, vinginevyo hadithi inageuka mahojiano.

Pitisha kidole chini ya maneno unaposoma, ili aone kwamba unachosema kinatoka kwenye maandishi na kwamba maandishi huanza kushoto kwenda kulia. Siku nyingine simama kabla ya neno la mwisho la sentensi anayoijua, umwachie alimalizie. Na akitaka kitabu kilekile kwa mara ya ishirini, msomee. Mara ya kwanza anafuata tukio. Mara ya kumi anaanza kusikia maneno, na ndipo utamsikia akiyatumia mahali pengine.

Kama hakuna kitabu, tengenezeni. Kunja karatasi tatu katikati, zishone kwa uzi, mtoto achore na akuamuru cha kuandika. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Kitabu ambacho yeye ndiye mtunzi atakisoma mpaka kichakae.

Jambo la lugha linawasumbua wazazi wengi. Kama lugha unayoifahamu kwa undani si Kiswahili, msimulie hadithi kwa lugha hiyo. Mtoto anayejua kupanga kisa, kutabiri kitakachotokea na kueleza sababu huubeba ujuzi huo anapoingia katika lugha nyingine. Anachokipoteza ni mazungumzo ya kina, pale mzazi anapojilazimisha kutumia lugha asiyoimudu na kubaki na amri tu: njoo, kaa, nyamaza.

Hatua ya 4: Herufi kwa sauti yake

Herufi za kwanza ziwe za jina lake. Kisha irabu tano, ambazo katika Kiswahili hazigeuki: "a" ni "a" popote utakapoikuta. Baada ya hapo chukua konsonanti chache ambazo sauti zake ziko mbali, kama m, t, k, l, s. Usifundishe "b" na "d" katika wiki moja, kwa sababu zinafanana kwa sura.

Kosa kubwa linalofanyika nyumbani ni kufundisha jina la herufi badala ya sauti yake. Mtoto akijua kwamba hii ni "be" na hii ni "a", akiziunganisha atapata "bea", nawe utamwambia amekosea wakati amefuata ulichomfundisha. Mwambie sauti: midomo inafungwa, inafunguka, "b". Kisha "ba". Majina ya herufi yatakuja baadaye bila shida. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto, yaani shule ya watoto wadogo, mjini Roma mwaka 1907, alikata herufi kwa karatasi ya msasa ili mtoto azipapase kwa vidole huku akitamka sauti. Unaweza kufanya hivyo kwa kuchora herufi kwa gundi na kuinyunyizia mchanga, au kwa kumwacha aiandike mchangani kwa kidole. Tumia herufi ndogo kwa kuwa ndizo atakazokutana nazo zaidi, na herufi kubwa kwa mwanzo wa jina lake.

Kuhusu "ba, be, bi, bo, bu": zoezi ni zuri, lakini nalo hugeuka wimbo haraka. Njia ya kujua ni nyepesi. Andika silabi hizo zikiwa zimechanganywa, onyesha "bo" peke yake, usubiri. Akianza kimoyomoyo kutoka "ba" mpaka aifikie, anakumbuka wimbo, hajaitambua silabi. Mpe muda.

Akizitambua chache, kata kadi tano: ka, ta, li, ma, na ma nyingine. Zipange pamoja na mtoto muone zinatoa nini. Kata. Taka. Kama. Kali. Mali. Lima. Mama. Kamata. Kadi tano, maneno manane yenye maana, na mengine mengi yasiyo na maana ambayo mtoto ataomba muyasome ili acheke. Myasome yote. Neno lisilo na maana haliwezi kukaririwa, kwa hiyo akilisoma ujue amesoma kweli.

Viunganishi vya herufi kama ch, sh, ny, dh, gh, ng na ng' viache kwanza. Ng' hasa, yenye kile kijialama, inaweza kusubiri darasa la kwanza.

Hatua ya 5: Mkono

Sina mengi hapa. Mkono wa miaka mitatu haujawa tayari kwa mistari ya daftari, na kuulazimisha huzaa mtoto anayechukia kuandika. Mpe udongo afinyange, karatasi achane, vibanio vya nguo abane na kubandua, shanga kubwa atunge kwenye uzi, chaki achore sakafuni. Unapoandika orodha ya kwenda sokoni au ujumbe, mpe naye karatasi yake. Michirizi atakayoichora mwulize imesema nini, na uipokee kama maandishi.

Akiandika "s" imegeuka, au jina lake lote kutoka kulia kwenda kushoto, usishtuke. Ni jambo la kawaida katika umri huu, na huendelea kwa baadhi yao mpaka miaka sita au saba.

Hatua ya 6: Kuhesabu kwa kweli

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watoto wengi huachwa na wimbo wao. Mwaka 1978 wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel walieleza kanuni ambazo zimo ndani ya kitendo cha kuhesabu. Tatu ndizo zitakazokushughulisha nyumbani. Majina ya namba hufuatana kwa mpangilio usiobadilika. Kila kitu hupata jina moja tu, hakirukwi wala hakirudiwi. Na jina la mwisho kutajwa ndilo idadi ya vitu vyote.

Kanuni ya pili hufundishwa kwa mkono. Badala ya kumwacha mtoto aonyeshe kwa kidole, mfundishe asogeze: kifungo kinatoka upande huu, kinakwenda upande ule, na jina linatajwa kinapotua. Kilichovuka hakirudi. Hilo peke yake liliondoa nusu ya makosa ya mwanangu.

Kanuni ya tatu ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mtoto akimaliza "moja, mbili, tatu, nne", mwulize, "Kwa hiyo viko vingapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajajua kwamba "nne" ni jibu. Usimkaripie. Sema mwenyewe, ukizungusha mkono juu ya vyote: "Nne. Vifungo vinne." Kisha cheza mchezo wa kuombana: nipe kimoja, nipe viwili, nipe vitatu. Mwanasaikolojia Karen Wynn, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alionyesha kwamba watoto hupanda ngazi hii polepole: kwanza hujua moja tu, baadaye mbili, baadaye tatu, kwa miezi mingi, kisha ghafla hufunguka na kuelewa namba zote wanazoweza kuzitaja. Kwa hiyo mtoto anayekupa konzi nzima kila unapoomba vitatu si mzito wa kuelewa. Yuko katikati ya ngazi. Kaa naye kwenye tatu, usikimbilie ishirini.

Kiswahili kina kigingi chake hapa ambacho sisi wazungumzaji hatukioni kwa kuwa tumekizoea. Mtoto hukariri "moja, mbili, tatu", lakini kwenye vitu anasikia vijiko viwili, watoto wawili, mawe mawili, miti miwili. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hubadilika kufuata ngeli, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa mtoto mdogo "mbili", "viwili" na "wawili" yanaweza kuwa maneno matatu yasiyohusiana. Dawa yake ni mpangilio: anza kuhesabu vitu ambavyo namba yake haibadiliki kutoka kwenye wimbo, kama nguo, chupa, kalamu, sahani. Nguo moja, nguo mbili, nguo tatu. Akishaelewa hapo, ingia kwenye vijiko na mawe, na kila mara funga kwa jina la kitu: "vijiko vitatu."

Baada ya kumi lugha yetu inarahisisha tena. Kumi na moja, kumi na mbili: jina lenyewe linasema kilichomo. Mwonyeshe kwa vitu: funga vijiti kumi kwa uzi, weka kimoja pembeni, sema "kumi, na moja". Utaratibu huo hukatika kwenye ishirini, jina tulilolipata kutoka Kiarabu kama thelathini na arobaini, ambalo halimwambii mtoto kwamba ni makumi mawili. Kwa hiyo usishangae akisema "kumi na tisa, kumi na kumi". Hilo ni kosa la mtu anayefikiri. Mwambie, "Ndiyo, ni kumi na kumi, na tunaiita ishirini," ukiweka mafungu mawili ya vijiti mbele yake.

Hatua ya 7: Ngapi zaidi?

Tupa vijiwe viwili au vitatu mezani, vifunike haraka kwa mkono, umwulize viko vingapi. Macho ya binadamu hutambua vitu vichache, mpaka vitatu au vinne, bila kuvihesabu, na uwezo huo unafaa kukuzwa.

Kisha panga safu mbili za vifungo vitano vitano, zilingane. Mtoto akikubali kwamba ziko sawa, tanua safu moja bila kuongeza kitu. Watoto wengi wa umri huu watasema safu ndefu ina vingi zaidi. Mwanasaikolojia Jean Piaget alilichunguza jambo hili kwa makini, na huwezi kulimaliza kwa kubishana. Mwambie tu avihesabu, halafu mrudishe safu pamoja. Ataliona siku yake ikifika.

Mchezo mmoja nauwekea mkazo. Chora miraba kumi kwenye mstari mmoja, uandike 1 hadi 10 kutoka kushoto. Andika 1 upande mmoja wa kipande cha kadibodi na 2 upande wa pili, ukirushe, kila mmoja asogeze kijiwe chake. Mwaka 2008 watafiti Robert Siegler na Geetha Ramani waliucheza mchezo wa namna hii na watoto wa miaka minne hivi kwa vipindi vinne vya takriban dakika 15, na uelewa wao wa ukubwa wa namba ukapanda. Waliocheza kwenye miraba ya rangi isiyo na namba hawakupata faida hiyo. Siri iko kwenye kutamka: mtoto aliye kwenye 3 akipata 2 asiseme "moja, mbili", aseme "nne, tano", akitaja namba ya mraba anaoukanyaga.

Hatua ya 8: Maumbo na mahali

Fanyeni haya mkiwa kwenye shughuli. Unapofua, apange soksi kwa jozi, na nguo kwa ukubwa. Mnapofungasha, atafute kifuniko cha kila kopo. Tumia maneno kamili badala ya "pale" na "ile": nyuma ya mlango, kati ya viti viwili, chini ya kitanda, kando ya ukuta. Mwonyeshe pembetatu iliyosimama, iliyolala na iliyochongoka, asije akadhani pembetatu ni ile tu yenye ncha juu.

Kuhusu muda na kioo

Dakika kumi kwa siku, sehemu ileile ya siku, zinashinda saa mbili za Jumapili. Acha wakati bado anataka. Akikosea, rudia kwa usahihi na uendelee. Akisema "viatu tatu", wewe sema "Ndiyo, viatu vitatu," bila neno "umekosea".

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya kioo cha simu au televisheni zaidi ya saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Programu za herufi na namba huimba vizuri mno. Ukimruhusu, kaa naye na umwulize kama unavyouliza kitabuni.

Wakati wa kutafuta msaada

Mtoto anayegeuza sikio moja kila ukimwita, anayeongeza sauti ya redio, au anayeumwa masikio mara kwa mara, apimwe usikivu kabla hujahukumu kwamba hasikilizi. Anayesogeza kitabu puani au kukunja jicho, apimwe macho. Mtoto wa miaka minne ambaye watu wa nje ya nyumba hawaelewi maneno yake mengi, au aliyeanza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke kwa mtaalamu wa afya bila kungoja mtu akuambie atakua nalo. Nenda na lile daftari lenye tarehe: alichojibu ulipomwomba vifungo vinne, maneno aliyoweza kuyapigia makofi, na siku uliyoanza kuona tofauti.